Kinachoungua si Kuni: Hoja ya Kuutazama Moto Upande wa Hewa

Anayeeleza moto, awe mwalimu darasani au mchunguzi baada ya ajali, kwa kawaida huanza na kitu kilichoungua: ubao, nguo, petroli, godoro. Oksijeni hutajwa baadaye kama sharti la pili, aghalabu kwa sentensi moja, kisha maelezo hurudi kwenye kitu. Mpangilio huo huonekana wa kawaida kwa sababu kitu kinachoungua tunakiona kikipungua na kugeuka majivu, ilhali hewa haionekani wala haionyeshi alama yoyote ya kutumika. Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba tumeugeuza juu chini. Moto wenye ndimi ni tukio la gesi. Joto lake hutokana zaidi na udhaifu wa kifungo kilichomo ndani ya molekuli ya oksijeni kuliko na hazina yoyote iliyofichwa ndani ya fueli. Na uhai wake hutegemea vipande vichache vya molekuli visivyoonekana katika mlinganyo wowote unaofundishwa shuleni. Mtu asiyeyajua hayo anaweza kuufaulu mtihani wa kemia na bado, mbele ya moto halisi, akafanya jambo litakalomuua.

Tuanze na ubao wenyewe. Ukiuchunguza kwa makini ubao unaowaka utaona kwamba mara nyingi ulimi wa moto haushikani na ubao, kwani kati yake na uso wa ubao kuna nafasi nyembamba isiyo na mwanga, na ndani ya nafasi hiyo unapita mvuke. Ubao umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini, ambazo ni molekuli ndefu mno zisizoweza kuruka hewani zikiwa nzima. Joto linapofika kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi, minyororo ya molekuli hizo hukatika na kuachilia kabonimonoksidi, methani, methanoli, asidi asetiki, lami na viambato vingine vingi. Hatua hii, ambayo wanasayansi huiita pirolisisi, haihitaji oksijeni kabisa. Ubao uliofungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa huvunjika vivyo hivyo, na hivyo ndivyo makaa yanavyopatikana. Kinachowaka ni ule mvuke, pale unapochanganyika na oksijeni umbali mdogo kutoka kwenye uso, na sehemu ya joto la mwako huo hurudi kwenye ubao na kuzalisha mvuke mwingine. Mzunguko huo ukikatika, moto hufa ingawa ubao ungali mzima. Ndiyo sababu gogo moja nene likitengwa peke yake huzimika, kwa kuwa joto linalopotea kila upande ni kubwa kuliko linalolirudia, wakati magogo mawili yanayotazamana huendelea kuwaka kwa kupashana joto.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana jambo hili katika mihadhara yake ya mwaka 1860 na 1861 kwenye Royal Institution mjini London. Alichukua bomba la kioo lililopindwa, akaliingiza katika sehemu nyeusi iliyo katikati ya ulimi wa mshumaa, akauvuta mvuke wa nta na kuuwasha kwenye ncha ya pili ya bomba. Lipo jaribio jepesi zaidi ambalo mtu yeyote mwangalifu anaweza kulifanya: uzime mshumaa kwa pumzi, kisha usogeze njiti inayowaka kwenye ule moshi mweupe unaopanda, bila kuugusa utambi. Moto utaukimbilia utambi kwa kupitia moshi, kwa sababu moshi huo ni nta iliyogeuka mvuke na kuanza kuganda kuwa matone madogo. Ninaliona jaribio hili kuwa somo zima la moto, na ninasikitika kwamba wanafunzi wengi hukariri mlinganyo wa mwako kwa miaka kadhaa bila kuonyeshwa hata mara moja.

Kwa vimiminika, tofauti kati ya kitu na mvuke wake ndiyo tofauti kati ya usalama na maafa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, ambapo dizeli huhitaji kupashwa hadi nyuzi 50 na kitu ndipo mvuke wake uweze kushika moto kutoka kwenye cheche. Hata hivyo, ukiondoa cheche na kuacha joto peke yake lifanye kazi, mambo hugeuka: dizeli hujiwasha katika halijoto ya chini kuliko petroli, na ndivyo injini ya dizeli inavyofanya kazi bila plagi ya cheche. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa kwa mara tatu hadi nne, hutambaa sakafuni, huingia mashimoni, na unaweza kukutana na cheche mbali na mahali petroli ilipomwagika kisha ukaurudisha moto hadi kwenye chanzo. Anayelitazama dimbwi la petroli na kujihesabu salama kwa kuwa yuko hatua kadhaa kutoka hapo amelitazama lisilowaka na kulisahau linalowaka.

Kosa la kuuweka moto ndani ya kitu lina historia ndefu, na halikuanzishwa na wajinga. Mwanzoni mwa karne ya 18 Georg Ernst Stahl wa Ujerumani, akiendeleza mawazo ya Johann Joachim Becher, alifundisha kwamba kila kinachoweza kuungua kina kiini kiitwacho flojistoni, na kwamba kuungua ni kukiachilia kiini hicho. Nadharia hiyo ilieleza mengi kwa pamoja: kwa nini makaa huacha majivu machache, kwa nini moto huzimika ndani ya chombo kilichofungwa, hata kwa nini kutu na mwako vina undugu. Iliyumba penye mizani. Mwaka 1772 mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alithibitisha kwamba fosforasi na salfa huongezeka uzito zinapoungua, jambo lisiloelezeka ikiwa kuna kitu kinachotoka. Tarehe 1 Agosti 1774 Joseph Priestley wa Uingereza aliipasha joto oksidi ya zebaki na kupata gesi iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameipata gesi hiyohiyo kabla yake, ingawa alichelewa kuchapisha. Priestley aliieleza kwa lugha ya flojistoni na akashikilia maelezo hayo hadi kufa kwake. Lavoisier aliiita oksijeni, akaonyesha kwamba kuungua ni kuungana nayo, na kabla ya kukatwa kichwa mjini Paris tarehe 8 Mei 1794 alikuwa ameibadilisha kemia yote.

Kwenye vitabu flojistoni ilikufa. Katika fikra zetu ninaona kwamba ingali hai, nayo sasa huvaa jina la nishati. Tunasema kuni zina nishati, petroli ina nishati, gesi ina nishati, na moto ni njia ya kuitoa nje. Badilisha neno moja na sentensi hiyo itakuwa ya Stahl. Ushahidi dhidi yake umekuwepo tangu 1917, wakati mtafiti W. M. Thornton alipogundua kwamba ukilipima joto la mwako kwa kila kilo ya fueli unapata tofauti kubwa sana, lakini ukilipima kwa kila kilo ya oksijeni iliyotumika tofauti hizo karibu zote hutoweka. Kilo moja ya methani hutoa takriban megajuli 50, na kilo moja ya selulosi takriban 16. Lakini methani hiyo hutumia kilo 4 za oksijeni na selulosi kilo 1.2 tu, kwa hiyo hesabu ya upande wa oksijeni hutoka karibu sawa. Mwaka 1980 mtafiti Clayton Huggett alipitia vifaa vya kawaida vinavyopatikana ndani ya majengo, plastiki na mbao pamoja, akapata wastani wa megajuli 13.1 kwa kila kilo ya oksijeni, na vifaa vingi vikiwa ndani ya asilimia 5 ya wastani huo. Leo maabara za moto hupima nguvu ya moto kwa kanuni hiyo: hukusanya moshi, hupima oksijeni iliyopungua, na kutoka hapo hukokotoa joto bila hata kuhitaji kujua ni kitu gani kilichokuwa kikiwaka.

Kwa nini iwe hivyo? Kifungo cha kikemia hakihifadhi nishati ndani yake kama watu wengi wanavyodhani. Kukivunja hugharimu nishati, na nishati hupatikana pale kifungo kipya kinapoundwa. Faida ya mwako ni tofauti kati ya gharama na mapato. Kifungo maradufu kinachoziunganisha atomi mbili za oksijeni huvunjika kwa takriban kilojuli 498 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), kiasi kidogo kwa kifungo cha aina yake. Atomi hizohizo zikihamia kwenye kabonidioksidi, kila moja hupata kifungo chenye takriban kilojuli 800, na zikihamia kwenye maji kila moja hupata vifungo viwili vya takriban kilojuli 460. Vifungo vya kaboni na haidrojeni ndani ya fueli havina udhaifu wa namna hiyo. Mwanakemia Klaus Schmidt-Rohr aliieleza hesabu hii kwa uwazi mwaka 2015, akionyesha kwamba mwako wa viambato vya kikaboni hutoa takriban kilojuli 418 kwa kila moli ya oksijeni na kwamba chanzo chake kikuu ni udhaifu wa kifungo cha oksijeni. Zipo fueli zinazokwenda kinyume, asetilini ikiwa mojawapo, na kwa usahihi kamili nishati ni mali ya mfumo mzima wa fueli na oksijeni, wala haina makao upande mmoja. Lakini ikiwa ni lazima tuchague upande mmoja wa kuusisitiza kwa mwanafunzi, basi tumekuwa tukiusisitiza ule ambao ushahidi wake ni hafifu zaidi.

Hapo linazuka swali ambalo vitabu vingi hulipita kimya. Ikiwa hewa tunayoivuta ina asilimia 21 ya gesi yenye kifungo dhaifu kiasi hicho, na ikiwa misitu, nguo na miili yetu ni fueli, kwa nini vyote hivyo haviwaki sasa hivi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika hali ya ajabu ya oksijeni. Molekuli yake ina elektroni mbili zisizo na wenzi, zenye mzunguko wa mwelekeo mmoja, wakati molekuli za fueli zina elektroni zilizopangika jozi kwa jozi. Kanuni za kwanta, zinazotawala chembe ndogo kama elektroni, huufanya mgongano wa moja kwa moja kati ya hizo mbili kuwa karibu bure, hata kama ungetoa joto jingi. Oksijeni humenyuka kwa wepesi tu na kitu ambacho nacho kina elektroni isiyo na mwenzi, yaani radikali: atomi pekee ya haidrojeni, atomi pekee ya oksijeni, au kipande cha haidroksili, yaani oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja. Joto la njiti ya kiberiti au umeme wa cheche hufanya kazi ya kuzizalisha radikali za kwanza, ambazo zikishapatikana huzaana zenyewe.

Namna zinavyozaana ndiyo moyo wa kemia ya moto, nami naomba msomaji anivumilie hapa. Atomi moja ya haidrojeni ikigonga molekuli ya oksijeni kwa nguvu ya kutosha hutoa haidroksili moja na atomi moja ya oksijeni: radikali moja imekuwa mbili. Atomi hiyo ya oksijeni ikigonga haidrojeni ya kawaida hutoa haidroksili nyingine na atomi ya haidrojeni. Kila haidroksili ikigonga haidrojeni hutoa maji na kuacha nyuma atomi moja zaidi ya haidrojeni. Mwisho wa duru hiyo, palipokuwa na atomi moja ya haidrojeni zipo tatu, na kila moja inaanza duru yake. Huu ndio mnyororo wenye matawi, ambao Nikolai Semenov wa Urusi ya Kisovieti na Cyril Hinshelwood wa Uingereza waliueleza kuanzia miaka ya 1920, na ambao uliwapa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1956. Mlinganyo wa shuleni, unaosema kwamba methani moja na oksijeni mbili hutoa kabonidioksidi moja na maji mawili, ni sahihi kwa kuhesabu vinavyoingia na vinavyotoka. Kuhusu njia hausemi lolote. Modeli moja maarufu ya mwako wa gesi asilia, GRI-Mech 3.0, hutumia mimenyuko 325 na aina 53 za molekuli na radikali kuifuata njia hiyohiyo.

Anayeshuku kwamba radikali ndizo zinazotawala na aangalie mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni kwenye halijoto ya takriban nyuzi 500. Kanieneo, yaani shinikizo la gesi, ikiwa ndogo sana hakuna mlipuko, kwa kuwa radikali hufika kwenye kuta za chombo na kufia huko kabla ya kuzaana. Ikiongezwa, mchanganyiko hulipuka. Ikiongezwa zaidi, mlipuko hukoma, jambo ambalo hakuna hesabu ya joto na fueli inayoweza kulitabiri: molekuli zimesongamana kiasi kwamba atomi ya haidrojeni na oksijeni hugongana mbele ya molekuli ya tatu inayopokonya nishati yao, na badala ya kugawanyika hujifunga kuwa radikali dhaifu isiyozaa haraka. Kanieneo ikizidi tena, mlipuko hurudi. Fueli ni ileile, oksijeni ni ileile, na joto ni lilelile. Kinachobadilika ni hatima ya radikali.

Ushahidi wa pili umetoka kwa wazimamoto. Haloni 1301, gesi yenye atomi ya bromini, iliweza kuzima moto ikiwa takriban asilimia 5 tu ya hewa ya chumba, wakati kabonidioksidi huhitaji kufika karibu theluthi ya hewa hiyo au zaidi. Asilimia 5 haitoshi kuifukuza oksijeni wala kupoza kwa kiwango hicho. Bromini hufanya kazi kwa kunasa atomi za haidrojeni na kuzirudisha kuwa molekuli tulivu, tena na tena, hivyo mnyororo hukosa wa kuuendeleza. Gesi hiyo iliharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha kuanzia 1994. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini somo la kemia lililobebwa na haloni halikupaswa kuachwa pamoja nayo.

Kwa mantiki hiyo, pembetatu ya moto yenye pande za joto, oksijeni na fueli, ambayo hubandikwa ukutani karibu kila mahali mafunzo ya usalama yanapotolewa, ni pungufu. Baadhi ya wataalamu wameongeza upande wa nne, mnyororo wa mimenyuko, na ninaunga mkono nyongeza hiyo. Lakini upungufu unaonisumbua zaidi ni kwamba pembetatu hailizungumzii suala la uwiano. Methani huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15. Chini ya hapo gesi ni haba mno, juu ya hapo ni nyingi mno kwa hewa iliyopo. Mvuke wa petroli huwaka kati ya asilimia 1.4 na 7.6. Haidrojeni, kwa bahati mbaya ya wanaotarajia kuitumia kila mahali, huwaka kati ya 4 na 75. Tangi lililojaa petroli lina, juu ya kimiminika, mvuke mwingi kupita kiwango, na tangi linalosemwa kuwa tupu laweza kuwa ndilo lenye uwiano kamili wa kulipuka. Unga nao ni vivyo hivyo: punje zikitawanyika hewani, uso unaokutana na oksijeni huwa mkubwa mno na umbali kati ya punje na punje huwa mdogo mno. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga liliangamiza kinu cha Washburn mjini Minneapolis na kuua watu 18, katika jengo lililokuwa halihifadhi chochote ila nafaka na unga wake.

Wala pembetatu haimwambii mtu kwamba gesi iliyo nyingi zaidi hewani ndiyo inayotukinga. Nitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, haishiriki katika mwako kwa kiasi cha maana, ila hubeba joto na kuudhoofisha moto kila sekunde. Tarehe 27 Januari 1967 chombo cha anga cha Apollo 1 kilikuwa juu ya jukwaa la majaribio huko Florida, kikiwa kimejazwa oksijeni tupu kwa kanieneo iliyozidi kidogo ile ya angahewa. Moto ulipozuka, nailoni na vifaa vingine vilivyohesabiwa kuwa salama viliwaka kwa kasi ambayo haikuwapa wanaanga Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee muda wa kuufungua mlango, uliokuwa ukifunguka kwa ndani. Vifaa vilikuwa vimechunguzwa, lakini hewa iliyovizunguka haikupewa uzito uleule.

Pafukapo moshi hapakosi moto, walisema wahenga, na kemia inaweza kuongeza kwamba moshi mzito huonyesha mwako uliokosa oksijeni. Masizi ni kaboni iliyojikusanya kuwa chembe ndani ya ulimi wa moto kabla ya kupata oksijeni. Chembe hizo zikiwa na joto kali ndizo zinazotoa mwanga wa manjano, na zikitoka nje bila kuungua ndizo zinazokuwa moshi mweusi. Mwali wa buluu wa jiko la gesi lililorekebishwa vizuri hauna masizi, na rangi yake hutolewa na vipande vya molekuli vyenye nishati ya ziada. Pamoja na masizi hutoka kabonimonoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na hushikamana na hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Na kutoka kwenye sponji za polyurethani na sufu hutoka sianidi ya haidrojeni. Wengi wanaokufa katika mioto ya nyumba huuawa na gesi hizo, mara nyingi ndani ya vyumba ambavyo ndimi za moto hazikuvifikia.

Moshi huo kwa kiasi kikubwa ni fueli ambayo haijaungua. Katika chumba kilichofungwa moto huimaliza oksijeni hadi, ikishuka karibu na asilimia 15, ndimi nyingi huzimika; lakini pirolisisi, ambayo tumeona haihitaji oksijeni, huendelea kwa joto lililobaki na kukijaza chumba gesi zinazoweza kuwaka. Anayeufungua mlango wakati huo, akiamini kwamba moto umekwisha kwa kuwa hauoni mwanga, huingiza kitu kimoja pekee kilichokuwa kikikosekana. Hewa baridi huingia chini, huchanganyika na gesi, hukutana na kaa lolote lililobaki, na mchanganyiko wote huwaka kwa mara moja ukielekea mlangoni. Wazimamoto hufundishwa dalili za hatari hiyo: vioo vilivyopakwa lami, moshi unaoingia na kutoka kwenye nyufa kana kwamba chumba kinapumua, mlango ulio moto kiasi cha kuunguza. Sioni sababu kwa nini raia wa kawaida asifundishwe vilevile, maana hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayoeleweka kwa mtu aliyefundishwa kwamba moto ni kitu kinachoungua.

Nikiwa mkweli kwa hoja yangu sina budi kukiri kwamba ina mipaka. Si kila mwako hutokea katika gesi. Kaa linalong'aa bila ulimi huungua kwenye uso wake, ambapo oksijeni huifuata kaboni iliyo ngumu, na godoro linalofuka kwa saa nyingi hufanya hivyo kwa halijoto ya chini sana kuliko ya ndimi, likitoa kabonimonoksidi kwa uwiano mkubwa zaidi. Chini ya mji wa Centralia huko Pennsylvania makaa ya mawe yamekuwa yakifuka tangu 1962 kwa hewa kidogo inayopenya kwenye mashimo na nyufa. Chuma kilichosokotwa kuwa nyuzi laini nacho huungua bila kugeuka mvuke kwanza. Wala oksijeni yenyewe si ya lazima, kwa kuwa haidrojeni huwaka vizuri ndani ya klorini na kutoa kloridi ya haidrojeni.

Mipaka hiyo inahusu mahali mwako unapotokea. Swali la ni nani anayepokea elektroni, yaani ni nini kinachofanya kazi ya oksijeni, haiondoi, na moto wa magnesi huonyesha hivyo kwa ukali kuliko mfano wowote ninaoujua. Ukiufunika kwa kabonidioksidi, ambayo huzima moto wa kawaida kwa kuitenga hewa, magnesi huzing'oa atomi za oksijeni kutoka kwenye gesi hiyo na kuacha kaboni nyeusi katikati ya majivu meupe. Ukiumwagia maji, huichukua oksijeni ya maji na kuachilia haidrojeni, ambayo huwaka au kulipuka juu yake. Hata mchanga mkavu si kinga kamili, kwani mchanga kwa sehemu kubwa ni oksidi ya silikoni, na magnesi yenye joto la kutosha inaweza kuipokonya silikoni oksijeni yake. Ndiyo maana mitungi mingi ya kuzimia moto wa metali hujazwa unga wa kloridi ya sodiamu, chumvi ambayo ndani yake hakuna hata atomi moja ya oksijeni.